Jumamosi Bujora: tuwashukuru waliojitolea

Shikamooni wakubwa, hamjambo wenzangu. Jumamosi tunakutana Bujora, kule Kisesa nje ya Mwanza mjini, saa 4 asubuhi kuwashukuru waliojitolea siku ya ngoma. Bado namwona yule mama wa Kikerewe akisonga ugali wa watu wote, mtoto mgongoni. Sherehe ilisimama kwa mikono kama ile.

1. Mchango ni Sh 10,000, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni. Tunanunua sato na mchele.
2. Wachezaji wa bugobogobo, ngoma yetu ya Kisukuma ya majembe, njooni na majembe. Ndugu zetu Wakurya, leteni litungu, ile ala yenu ya nyuzi, tafadhali, safari iliyopita tulilikosa sana.
3. Gari linaondoka Kirumba saa 2 kamili.

Nitumieni majina ya waliojitolea, hata waliofagia uwanja usiku. Andikeni NIPO na idadi yenu kabla ya kesho usiku. Asanteni sana.