Ule mti wa kusokotwa kule Pugu, kosa ni langu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni na nyumbani wameshachoka kulisikia.

Mwezi wa nane nilienda msitu wa Pugu na mpwa wangu, dogo wa kidato cha pili ninayekaa naye hapa Gongo la Mboto, tukapanda daladala ya Kisarawe tukashuka tukalipa kiingilio vizuri tu tukaanza kutembea. Wenzetu wengi wa Dar Pugu wanaijua kwa mnada wa ng'ombe basi, hawana habari kwamba pale pale jirani kuna msitu wa asili. Sasa dogo akaingia pembeni kujisaidia, mara namsikia anapiga kelele "Anko! Anko njoo, huku kuna mti umekamuliwa!"

Na kweli ulikuwa umekamuliwa. Chukua shuka limetoka kwenye beseni, watu wawili mshike huku na huku mlisokote mpaka maji yaishe, basi ndo lile shina. Unene kama paja la mtu mzima, limejizungusha toka chini mpaka juu ya kichwa changu, na kwenye mikunjo kuna mfereji ambao kidole changu kilizama chote. Kikagusa kitu kikavu, nikakichokonoa na ufunguo wa nyumba, kikatoka kipande cha kamba ya msituni imeoza, nyepesi kama ganda la muhogo la juzi.

Dogo alishaanza habari za mashetani nikamwambia hamna shetani hapo, ni hiki kikamba. Mti ukiwa mdogo unapandwa na mmea wa kutambaa unauzunguka kama nyoka, sasa mti unataka kunenepa na kamba haiachii, na chakula kinachotengenezwa na majani kinashuka kupitia chini ya gome tu, kikifika kwenye kamba kinakwama, kwa hiyo mti unavimba juu ya kamba na kubonyea pale ilipokaza, miaka inaenda, mwisho kamba inakufa yenyewe inaoza alama inabaki. Kwa vile kamba ilizunguka kama ngazi haikufunga duara, chakula kilikuwa kinapata njia ya kuteremka hivyo hivyo kwa kuzunguka. Ndo maana ukaishi. Na wachana mbao wameupita kwa sababu hiyo hiyo ya kupinda, ubao gani utoe pale.

Ningeishia hapo ingekuwa vizuri. Mimi nikapiga picha nikaweka status, na kwa kiherehere changu nikaandika na njia yote ya kufika.

Wiki haijaisha ile picha nimerudishiwa kwenye grupu la ukoo, imeandikwa eti mti wa maajabu Pugu, gome lake linatibu mgongo na nguvu za kiume. Nikacheka! Nikaona ni yale yale ya mitandaoni.

Novemba nimerudi peke yangu. Kuna kitambaa chekundu kimefungwa kwenye tawi, kuna sarafu chini, kuna majina ya wapenzi yamechorwa kwa kisu, hayo yote ningemeza, lakini gome lilikuwa limebanduliwa kuanzia magotini hadi kiunoni, kuzunguka shina zima, mti mweupe peee kama mfupa na panga limeacha mikwaruzo. Ukibandua hivyo mzunguko mzima, mizizi haipati tena chakula toka juu. Kamba ilibana miaka yote ile ikashindwa, sisi tumemaliza kwa miezi mitatu.

Sasa Mhariri ombi langu kwenu ni dogo. Juzi nimeona na nyinyi mmetoa picha ya mti mwingine wa kupinda na kichwa cha habari cha maajabu, kijiji mmekitaja na bei ya bodaboda mmeitaja. Picha toeni, hata mimi napenda kuziona, ila andikeni kilichoupinda mti na njia muiache. Hii yangu nimewatumia ile ya mwezi wa nane, ya Novemba sikupiga. Mkiitoa msiseme ni upande gani wa msitu, maana hatua kama 20 hivi toka pale kuna mwingine mdogo na kamba yake bado mbichi.

Msomaji wenu,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam