Mafuta yakishuka, tazameni hori kwanza

Mhariri,

Mvua za kwanza zikishika Njombe na Rungwe, majani huchipua, ndoo hujaa, na maneno huanza kwenye vituo vya kukusanyia maziwa: mafuta ya maziwa yameshuka, basi mfugaji ametia maji. Hiyo "basi" ndiyo tunayoipinga.

Mafuta ni mepesi kuliko maji. Maziwa yaliyopungukiwa mafuta peke yake hayaizamishi laktomita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa maziwa. Huinyanyua kidogo, ikasoma 31 au 32. Maji ndiyo huizamisha, ikashuka chini ya 28. Na joto lihesabiwe: kama laktomita imetengenezwa kusoma sawa kwa nyuzi 20, kila nyuzi moja inayozidi huongezewa 0.2. Maziwa ya nyuzi 25 yanayosoma 27 ni 28 kamili, lakini tumeona yakirudishwa. Ni kweli, maziwa yaliyoenguliwa malai nayo hutoa picha hiyohiyo ya mafuta machache na laktomita ya juu. Njia ya haki ya kuyatofautisha ni kwenda zizini, ng'ombe akamuliwe hadi tone la mwisho, maziwa yakorogwe, ndipo sampuli ichukuliwe. Maziwa ya mwanzo wa kukamua huwa na mafuta asilimia 1 au 2 tu; ya mwisho huweza kupita 7. Anayemwachia ndama yale ya mwisho ameshapeleka kituoni maziwa mepesi bila kuyatia hata tone la maji.

Sasa hori, yaani chombo anacholia ng'ombe. Wengi hudhani pumba nyingi huleta maziwa mazito. Huleta maziwa mengi, na hilo ni jambo jingine. Nyuzinyuzi za majani zikichachushwa kwenye tumbo la kwanza hutoa asidi asetiki, ambayo kiwele huitumia kutengeneza karibu nusu ya mafuta ya maziwa. Wanga wa pumba hutoa zaidi asidi propioniki. Ini huigeuza glukosi, kiwele huigeuza laktosi, sukari ya maziwa, na laktosi huvuta maji. Lita zinapanda, asilimia ya mafuta inashuka. Pumba zikizidi sana, au majani yakiwa machanga mno kama haya ya mvua za kwanza, ng'ombe hacheui vya kutosha, mate yanayotuliza asidi ya tumbo hupungua, asidi hupanda, na bakteria wanaovunja nyuzinyuzi hulegea.

Mashudu ya alizeti, yaani makapi yabakiayo mafuta yakishakamuliwa, ya mashine ndogo za vijijini yana mtego wake. Yafinye kiganjani: yakiacha mafuta, jua bado yamebeba mafuta mengi. Katika tumbo lenye asidi, mafuta hayo hubadilishwa nusunusu, na kinachotoka hukiambia kiwele kipunguze kazi ya kutengeneza mafuta. Ndiyo maana mfugaji humwaga mafuta horini na kuyakosa kwenye maziwa. Mafuta yote ya mlo yasizidi asilimia 6 ya chakula kikavu.

Kwa hesabu, ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa huhitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Mabingobingo, majani marefu ya kulishia, yakiwa na urefu wa mita 1 ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo kilo 40 mbichi ni kama kilo 7 tu. Zinazobaki zisijazwe pumba zote kwa mkupuo: usipite kilo 3 kwa mlo mmoja, na tanguliza kilo 1 au 2 za majani makavu. Katakata vipande vya sentimita 3 hadi 5. Mashine inayosaga majani kama ugoro inamnyima ng'ombe kazi ya kucheua. Ng'ombe wakipumzika, angalau nusu yao wawe wanacheua. Kinyesi chepesi chenye mapovu na punje za mahindi kinakwambia tumbo limechafuka. Soda ya kuokea, gramu 150 kwa siku ndani ya pumba, husaidia. Magadi ya ziwani hapana, yana floridi nyingi. Ukirekebisha mlo, mafuta hurudi baada ya siku 10 hadi wiki 3, si kesho.

Protini husogea kidogo tu, na mara nyingi kinachoishusha ni njaa ya nguvu. Kuongeza lusina, malisho yenye protini nyingi, kupita kiasi huongeza urea kwenye maziwa, si kaseini, protini inayogandisha jibini, na mtengeneza jibini hapati kitu. Chokaa humlinda ng'ombe mifupa yake; haiongezi kalsiamu ya maziwa. Majani mabichi huongeza karotini, rangi ya manjano ya mimea, ndiyo siagi ya masika ikawa ya manjano.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mafuta yasiyopungua asilimia 3.25. Tunaomba vituo viandike mafuta, laktomita na joto pamoja kwenye karatasi moja, na nakala yake apewe mfugaji siku hiyohiyo.

Wataalamu wa malisho,
Nyanda za Juu Kusini