Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: ongea kabla wauza dawa wa stendi hawajakuwahi

Shikamoo Daktari. Mi nauza duka la dawa muhimu huku Pasua, Moshi, naandika hadharani maana barua za ofisini najua zinavyokaa kwenye faili.

Kuna mteja wa aina moja nampata sana. Baba wa miaka arobaini na kitu, anasubiri akina mama waishe dukani af anainamia kaunta, ananong'ona "nipe ile ya amiba". Ukimuuliza anasema choo kina damu kidogo, ni bawasiri tu, ya siku nyingi. Anameza Flagyl, damu inakata, anajua kapona, baada ya muda huyo tena. Mwambie aende hospitali uone, anajua atapimwa kwa kidole na hilo hataki hata kulisikia, wanaume wa huku bwana! Na damu hiyo hiyo inaweza kuwa ya kansa ya utumbo mpana.

Sasa kwenye magrupu ya WhatsApp imeanza kuzunguka habari kwamba kansa ya utumbo mpana inaletwa na bakteria, na shida ni kwamba sio uongo mtupu. Tangu 2012 watafiti wanamkuta Fusobacterium nucleatum, bakteria wa mdomoni anayependa fizi zenye ugonjwa, ndani kabisa ya uvimbe wa utumbo (meno yetu ya brauni ya floridi hayahusiki jamani, msianze). Kuna na aina ya E. coli, bakteria wa utumboni, inatoa sumu inaitwa kolibaktini, inaharibu DNA ya seli, na utafiti uliotoka 2025 wa wagonjwa 981 wa nchi 11 ulikuta alama za hiyo sumu mara 3.3 zaidi kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko waliougua baada ya 70, na inaonekana madhara yalianzia utotoni.

Ila inayoniogopesha ni ya 2017. Panya waliopandikizwa uvimbe wenye Fusobacterium walipewa metronidazole, yaani Flagyl hii hii ninayouza, na uvimbe ukapunguza kasi ya kukua. Ukapunguza kasi tu, na kwa panya! Lakini jamaa wa spika pale stendi wanaouza dawa za kusafisha utumbo wakiidaka hiyo, Daktari, hatutalala. Mtu akisikia bakteria anawaza antibayotiki, wakati hiyo E. coli wanayo watu wengi tu wazima, na madhara ya utotoni dozi ya leo haiyafuti. Kinyama kinachoota utumboni kinaweza kuchukua hata miaka 10 mpaka kiwe kansa, kikionekana mapema kwa kamera kinakatwa yanaisha, sasa hiyo miaka yote mtu anaimalizia kwenye kaunta yangu.

Ninachoomba ni kidogo. Tupeni wauza dawa fomu ya rufaa inayotambulika, ili mtu akirudi mara ya pili na damu nimwandikie aende, asipewe dozi nyingine, na akifika asiandikiwe amiba bila kuguswa. Kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo nacho kishuke mpaka vituo vya afya.

Af ingia redioni wewe mwenyewe uwaambie hawa wababa kwamba cha kidole hakimalizi hata dakika mbili. Mi nikiwaambia wananijibu "nipe chenji yangu".