Jumamosi: Culross kwa baiskeli, tukisaka vikopo

Habari za jioni wapendwa,

Jumamosi tukutane saa 3 asubuhi stesheni ya Rosyth, halafu tufuate Njia ya Taifa ya Baiskeli namba 76 kuelekea magharibi hadi Culross, kijiji cha kale hapa Scotland. Vibao vyake ni vya bluu, namba iko kwenye kisanduku chekundu.

Kwa wanaoanza jiokashi (mchezo wa kusaka kwa GPS vikopo vilivyofichwa na wachezaji wengine): GPS itakufikisha hatua chache tu karibu na kikopo, kuanzia hapo ni macho na vidole. Vingi ni vidogo kama vile vya filamu za kamera, ndani mna karatasi iliyoviringishwa. Andika jina lako na tarehe, kisha kirudishe palepale. Kalamu njooni nazo.

Tukiingia Culross tushuke, tukokote baiskeli. Mawe ya vichochoro vile yanateleza, na katikati yameinuka: huko juu walipita wakubwa, wengine pembeni kwenye maji machafu. Lazima pia tusimame ufukweni. Mwaka 1575 George Bruce alikabidhiwa machimbo ya makaa ya mawe hapo, akayapeleka hadi chini ya maji ya mlango wa mto Forth, mpaka dhoruba ya 1625 ilipoyaharibu. Nyumba yake ya manjano bado imesimama, nzuri kweli.

Nawasihi, asing'oe mtu jiwe lolote ukutani akisaka kikopo. Safari moja nilikuta ukuta umebomolewa na wasakaji, roho iliniuma sana.

Asiye na baiskeli aniandikie kabla ya Alhamisi.