Mazoezi ya moyo yana kipimo, kiandikwe

Ndugu Mhariri,

Makala nyingi za afya humhimiza msomaji afanye mazoezi alinde moyo wake, zikaishia hapo. Hiyo ni sawa na kumpa mgonjwa dawa bila kumwambia ameze vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku. Tunaliomba gazeti lako liandike na kipimo, kwani kipo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli. Nusu saa ya kutembea kwa kasi, siku 5 kwa wiki, inatosha kuanzia. Aliyekaa miezi bila kujishughulisha aanze na dakika 10 kwa siku, aongeze kidogo kidogo kila wiki. Moyo usiozoea ukikurupushwa kwa mbio kali ndipo hatari inapokuwa kubwa, hasa kwa mwenye mishipa iliyoanza kuziba bila yeye kujua.

Wastani ni upi? Zungumza huku unatembea. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini wimbo ukakushinda, uko penyewe. Ukisema maneno mawili matatu ukalazimika kuvuta pumzi, hayo tayari ni makali. Anayetaka hesabu ashike mpigo kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwa ncha za kidole cha shahada na cha kati. Asitumie gumba, lina mpigo wake na litamchanganya. Ahesabu sekunde 15, azidishe mara 4. Kasi ya juu ya moyo hukadiriwa kwa 220 kutoa umri. Mwenye miaka 50 ni 170, na mazoezi yake ya wastani ni kama asilimia 64 hadi 76 ya hiyo, ndiyo mapigo 109 hadi 129 kwa dakika, yaani 27 hadi 32 katika zile sekunde 15. Ni makadirio tu. Anayetumia dawa za beta bloka, ambazo hutolewa kwa wenye presha au matatizo ya moyo, aiache hesabu hii kabisa, kwa sababu dawa hizo huzuia mapigo kupanda. Kwake kipimo ni yale mazungumzo.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni namna ya kumaliza. Mtu anakimbia, anafika mwisho, anasimama wima akihema. Wakati huo mishipa ya miguu yake bado imetanuka. Alipokuwa akikimbia, misuli ya mashavu ya miguu ilikuwa ikiibana mishipa hiyo kila hatua na kuisukuma damu irudi juu. Akisimama ghafla, msukumo unakatika, damu inatuama miguuni, presha inashuka, na kizunguzungu kinamwangusha. Si uchovu huo, ni damu iliyochelewa kurudi. Atembee taratibu dakika 5 hadi 10 mpaka pumzi itulie, kama alivyopaswa kuanza kwa kutembea dakika 5 mwili upate joto.

Wanaonyanyua vyuma nao wasibane pumzi, maana presha hupanda ghafla. Watoe pumzi wakati wa kuinua, wavute wakati wa kushusha.

Mwenye homa apumzike hadi ipone: baadhi ya virusi huvimbisha misuli ya moyo, na mazoezi huzidisha madhara. Kifua kikibana, maumivu yakielekea mkono, shingo au taya, au jasho baridi likitoka pamoja na kichefuchefu, mtu aache papo hapo na kuita msaada wa dharura. Asijilazimishe kumalizia mzunguko uliobaki, na asijiendeshe mwenyewe kwenda hospitali.

Wakufunzi wa mazoezi ya viungo