Barua ya wazi kwa Afisa Kazi Mfawidhi, Mkoa wa Arusha: uliza na mikataba ya zamani

Ndugu Afisa Kazi,

Nina mikataba sita kwenye bahasha moja ya kaki. Yote ni ya hoteli moja, kazi ile ile ya usafi wa vyumba, na kila mmoja ni wa miezi mitano. Ukiisha naambiwa nikapumzike wiki tatu, halafu simu inaita: "Dada, njoo usaini." Vitanda vile nimevitandika karibu miaka mitatu, ila kwenye karatasi kila mara mimi ni mgeni.

Wa sita uliisha masika yakianza. Simu haikuita. Nilipokwenda kuuliza nikajibiwa kwamba hakuna aliyenifukuza, mkataba umeisha tu, na aliye chini ya miezi sita sheria haimlindi.

Nikaamini. Wengi tunaamini. Mpaka kaka mmoja wa chama cha wafanyakazi aliponisomea kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ni kweli, kwenye kinga ya kutoachishwa kazi isivyo haki, kinamwacha nje mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja. Lakini maneno hayaishii hapo: iwe ni kwa mkataba mmoja au zaidi. Yaani mikataba inajumlishwa! (Zile wiki tatu za katikati najua mawakili watazibishania, wacha wabishane.) Hata likizo ya malipo, aliyefanya kazi vipande vipande kwa mwajiri yule yule anaipata, vipande vikizidi miezi sita ndani ya mwaka. Nilipoyajua haya, siku 30 za kupeleka lalamiko la kuachishwa kazi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zilikuwa zimeshapita. Nimeomba kuongezewa muda. Hilo lina njia yake, silo ninalokuandikia.

Nakuandikia kuhusu maisha ya miezi mitano. Baba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Piga hesabu mwenyewe. Kwenye kikoba, mkataba ukifika mwezi wa nne naruka zamu yangu ya kukopa, maana sijui nitarudisha na nini. Mangi wa dukani anaijua kalenda yangu kuliko mimi, mwezi wa tano ukiingia daftari la mkopo analifunga. Na mwenzangu mmoja alificha mimba mpaka mwezi wa saba, kanga imekazwa tumboni chini ya sare, anainama kuchomekea shuka huku anauma meno. Sheria inatoa siku 84 za likizo ya uzazi. Yeye aliogopa hata kuitaja, asije akakosa kusaini mkataba unaofuata.

Wenye hoteli nao nawaelewa. Aprili na Mei wageni wa mbugani wanapungua, mvua inanyesha, umeme na mishahara haisubiri. Lakini sheria haijawafungia mlango. Biashara ikiyumba, mwajiri anaruhusiwa kupunguza watu: atoe taarifa, aeleze sababu, akae nao wazungumze, na aliyetimiza mwaka alipwe kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka kamili. Hayo ndiyo yanayokwepwa kwa mkataba wa miezi mitano. Na sioni faida kubwa wanayopata, kwa sababu kila msimu msimamizi wetu anaanza upya kumfundisha msichana mpya kukunja kona ya shuka, na mgeni analalamika vilevile.

Ombi langu ni moja. Mkaguzi wako akiingia hotelini huonyeshwa mkataba wa leo, una sahihi na muhuri, hauna kasoro. Asiishie hapo. Mwajiri anatakiwa kutunza maelezo ya ajira ya mtu kwa miaka 5 baada ya ajira kuisha, kwa hiyo mafaili yapo, au yanapaswa kuwepo. Achague majina matano ya watu wa vyumba, jikoni na bustanini, aombe mikataba yote ya kila jina, aipange mezani kwa tarehe. Haitachukua hata nusu saa.

Bahasha yangu iko tayari kama mfano. Naweza kuileta ofisini siku yoyote baada ya saa nne asubuhi, maandazi ninayouza siku hizi yakishaisha.

Mhudumu wa vyumba,
Kijenge, Arusha