Fomu ikibadilika, jina la faili nalo libadilike

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaosimamia tovuti za vyuo na shule, hasa msimu huu wa fomu za kujiunga. Nina steshenari yenye huduma ya intaneti hapa Morogoro. Kinachonisukuma kuandika ni wanafunzi wanaoripoti na maelekezo yaliyokwisha kubadilishwa, kisha wanaambiwa hawakusoma tovuti vizuri. Wamesoma. Simu zao ndizo zilizowaonyesha karatasi ya zamani.

Juzi binti mmoja na kaka yake walisimama kaunta, kila mmoja na simu yake, wamefungua linki ileile ya chuo kimoja. Kwa kaka, tarehe ya kuripoti ilikuwa imesogezwa mbele wiki nzima na ada ya hosteli imepanda. Kwa binti, ambaye ndiye mwanafunzi, hakuna kilichobadilika tangu alipoifungua mara ya kwanza. Chuo kilikuwa kimepandisha faili jipya juu ya lile la zamani, kwa jina lilelile. Alipopiga simu kuuliza, akajibiwa afute kumbukumbu za simu yake. Nilimzuia akiwa karibu kufuta kila kitu, nywila alizohifadhi zikiwamo.

Kivinjari, iwe Chrome au Firefox, huweka akiba ya ulichofungua ili mara ya pili kisikivute upya. Sina ugomvi na utaratibu huo, unatuokolea bando. Lakini kivinjari hakiwezi kujua chenyewe nakala hiyo itapitwa na wakati lini. Seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, ndiyo yenye kukiambia, kwa agizo linaloitwa Cache-Control, ambalo limo tangu 1997 katika HTTP, kanuni za mawasiliano kati ya kivinjari na seva. Seva ikikaa kimya, kivinjari kinaruhusiwa kukisia, na makisio yaliyozoeleka ni asilimia 10 ya muda uliopita tangu faili libadilishwe mara ya mwisho. Faili ambalo halijaguswa kwa siku 200, ukilifungua leo, linaweza kuendelea kuonekana kwako kwa siku 20 bila seva kuulizwa chochote. Kwa hiyo fomu iliyokaa muda mrefu kwenye tovuti ndiyo inayong'ang'ania zaidi siku inapobadilishwa.

Mzazi au mwanafunzi mwenye shaka afungue linki hiyo kwenye kichupo fiche (incognito), ambacho hakitumii akiba ya kawaida. Likitokea faili jipya, tatizo ni akiba ya kivinjari chake. Likitokea lilelile la zamani, basi huenda tatizo liko chuoni au kwenye seva za katikati, zinazopitisha na kuhifadhi nakala kati ya chuo na simu, na kufuta vitu kwenye simu hakutamsaidia. Apige simu chuo. Kwenye kompyuta, Ctrl na F5 kwa pamoja huvuta upya. Simu haina vitufe hivyo, ila ukiongeza ?a=2 mwishoni mwa linki, kivinjari hukiona kuwa ni kitu kingine na kwa kawaida hukivuta upya. Ukilazimika kufuta, futa picha na mafaili ya akiba tu, uviache vidakuzi (cookies), vinavyokumbuka kuwa umeingia kwenye akaunti, la sivyo utatolewa kwenye akaunti zako nyingi ulizofungua kwa kivinjari hicho. Na uangalie usije ukawa unafungua PDF uliyoipakua zamani au uliyotumiwa WhatsApp. Hiyo haibadiliki hata tovuti ifanywe nini.

Hata hivyo, haya si ya kumtwisha mtoto aliyemaliza kidato cha sita jana. Ni kazi ya mwenye tovuti. Fomu inayoweza kubadilika iwekewe agizo la no-cache, ambalo linakiruhusu kivinjari kuhifadhi nakala lakini linakilazimu kuiuliza seva kabla ya kuitumia. Nimeambiwa na fundi mmoja kwamba hilo litaielemea seva. Sikubaliani naye. Kama faili halijabadilika, seva hujibu 304, jibu fupi lisilobeba faili lenyewe. Nembo na picha zinaweza kukaa mwaka mzima, sekunde 31536000, mradi kila zikibadilishwa zipewe jina jipya.

Kwa fomu ambayo imeshasambaa, kurekebisha seva leo hakutamfikia aliyeifungua wiki iliyopita, kwa sababu simu yake haijaanza kuuliza. Huyo atafikiwa kwa jina jipya, kama fomu-ya-kujiunga-toleo-2.pdf, na tarehe ya toleo iandikwe juu kabisa ya ukurasa wa kwanza ili hata anayechapisha steshenari aione. Ukurasa wa matangazo wenye linki hiyo nao upewe no-cache, maana ukibaki kwenye akiba za watu utaendelea kuwapeleka kwenye faili la zamani.

Mwenye steshenari,
Morogoro